Soli ya Kushoto

Fundi alikuwa mtu wa kutazama watu miguuni. Si kwa ubaya; ndiyo kazi iliyomlea. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kibanda cha kushonea viatu karibu na kituo cha mabasi, na kwa muda wote huo wateja hawakuwa na haja ya kumweleza habari zao. Alikigeuza kiatu, akapitisha kidole gumba juu ya soli, na papo hapo akajua: huyu anabeba mzigo bega la kulia, huyu kazi yake ya kusimama, huyu anatembea kama mtu anayefuatwa. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku akipotea yeye, mumewe hatapeleka picha polisi, atapeleka kandambili.

Kibanda kilipovunjwa ili barabara ipanuliwe, alipata kazi kwenye kituo cha mitumbwi kando ya bwawa. Bwawa lenyewe lilikuwa machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji. Pembeni kina cha magoti, katikati hakuna aliyewahi kugusa chini. Watu walikuja kujifunza kupiga kasia, wengine kwa mitumbwi ya wazi ya watu wawili, wengine kwa kayaki, vile vyombo vyembamba ambavyo mtu hujichomeka miguu ndani kama anavaa soksi. Meneja, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, hakumzungusha. Alimweleza kwamba miaka mitatu nyuma msichana mmoja alipinduka na mtumbwi akiwa na mabuti mazito miguuni. Jaketi la kuelea lilikuwa limelegea, likamchomoka kupitia kichwani, na mabuti yakamshusha. Wapiga mbizi walitafuta siku tisa, wakatoka mikono mitupu. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa maji na viatu alivyotoka navyo nyumbani, na kazi ya Fundi ilikuwa hiyo: kumvalisha kila mgeni kiatu kinachofaa, na kumkatalia asiyetaka.

Viatu vya kituo alivitengeneza upya kimoja kimoja. Alitoa kamba zote, maana kamba hunasa kwenye vyuma vya kukanyagia ndani ya kayaki, akaweka mikanda ya kunata. Soli alizitaka nyembamba lakini ngumu, mtu ahisi chombo chini ya unyayo na bado kipande cha chupa kisimpate. Ubavuni alitoboa matundu kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu, ili maji yaingie na kutoka bila kuomba ruhusa. Na kisigino lazima kishike. Kiatu kinachobaki kwenye tope, alisema, ni heri usingekivaa.

Wageni walibishana naye kila siku. Wapo waliokuja na ndara, wapo waliokuja na viatu vya ofisini vinavyong'aa. Waliomtesa zaidi ni wale wa mabuti ya mpira, kwa sababu hao walijiona ndio waliojiandaa. Hakugombana nao. Alichukua buti moja, akalichovya kwenye pipa la maji mpaka likajaa, akampa mwenyewe alishike kwa mkono mmoja ulionyooshwa. Wengi hawakumaliza kuhesabu hadi kumi. Hapo Fundi aliwauliza kwa upole wanadhani mguu utafanya nini, kisha akawapa jozi yao.

Stoo ya viatu ilikuwa chumba kirefu cha matofali chenye dirisha moja la nondo. Jozi arobaini na mbili zilikaa kwenye rafu, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe kisiginoni. Funguo zilikuwa mbili. Moja alikuwa nayo Fundi, nyingine mama wa usafi, mwanamke mkondefu wa miaka sitini hivi ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi. Alipiga deki kabla ya wote kufika, na kwa siku nzima hungemsikia akisema maneno yanayozidi salamu.

Mwezi wa nne wa kazi, alikuja mwalimu mmoja wa kike mwenye mguu mdogo. Fundi alikumbuka jozi namba kumi na saba, saizi thelathini na nane, ambayo aliitoa kwenye boksi mwenyewe, akaitoboa, akaiweka rafu ya juu kabisa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeihitaji. Alipanda kwenye stuli akaishusha. Ilikuwa imelowa.

Alimpa mwalimu jozi nyingine iliyompwaya kidogo, akakaza mikanda, akamwachia aende. Kisha akaketi akaigeuza namba kumi na saba. Soli ya kulia ilikuwa imelika kwa usawa, kama ya mtu aliyetembea mwaka mzima. Ya kushoto ilikuwa imeliwa ukingo wa nje, kuanzia kisigino mpaka kwenye kidole kidogo, na ncha yake ilikuwa imechubuka, alama ya mguu unaoburutwa kabla ya kuinuliwa. Fundi alipitisha kidole gumba mara tatu. Aliyekivaa kiatu hiki alikuwa mwanamke, kijana, mwepesi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na hitilafu ya siku nyingi. Alifungua daftari la kuazimisha viatu. Namba kumi na saba haikuwahi kuazimwa hata mara moja.

Kocha, kijana mrefu aliyefundisha upigaji kasia, aliona jambo dogo. Paa linavuja, alisema, na kiwandani siku hizi wanatengeneza vitu ovyo. Fundi hakubisha. Aliianika jozi juani mpaka ikakauka kau, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa fundo lake la kushonea ambalo mtu wa kawaida hulikata kwa kisu, akaurudisha juu.

Kesho yake mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri pembeni. Fundo lilikuwa limefunguliwa, halikukatwa. Viatu vilikuwa vimelowa, na kwenye mifereji ya soli kulikuwa na udongo mwekundu. Fundi alijua udongo ule. Haukuwepo kokote isipokuwa ng'ambo ya bwawa, chini ya ukuta wa mawe, ambako kituo kilikataza watu kwenda. Alitia mkono ndani ili kujua maji yameingia kiasi gani. Akautoa haraka. Ndani ya kile kiatu kilicholowa mlikuwa na joto, joto la kiatu kilichovuliwa dakika hiyo hiyo.

Jioni alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho mpaka alipofika kwenye habari ya joto. Akamwambia kwamba mwenye ufunguo wa pili yupo, na kwamba mtu mzima huuliza. Fundi akajibu kwamba angeuliza, ila kwanza aone kwa macho yake. Alilala vibaya.

Alifika kituoni kulipopambazuka, ukungu ukiwa umelala juu ya maji kama pamba iliyochambuliwa. Mlango wa stoo ulikuwa umeegeshwa. Pale juu ya rafu palikuwa pamebaki alama mbili kavu kwenye vumbi. Akatoka mpaka kwenye gati ya mbao, akasimama, akasikia kasia: moja, kimya, moja, kimya, mkono wa mtu asiye na haraka.

Mtumbwi ulitokea kwenye ukungu polepole. Shangazi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, jaketi la kuelea limefungwa sawasawa, kitenge kimepandishwa magotini. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mbele ya kiti hicho, juu ya sakafu ya mtumbwi, viatu vya namba kumi na saba vilikuwa vimewekwa sambamba, vidole vikielekea mbele.

Fundi hakuwa mtu wa maji, lakini miezi minne gatini ilikuwa imemfundisha jambo moja. Mtu akikaa peke yake nyuma, pua ya mtumbwi huinuka. Huinuka hata akiwa mwepesi, na upepo huichezea. Pua ya mtumbwi ule haikuinuka. Ilikaa sawa na maji, imetulia, kama mtumbwi wenye watu wawili.

Nywele zikamsisimka mpaka kisogoni. Kisha pua ikagusa gati, na muda huo huo ikapanda juu ghafla, shibiri nzima, na ubao mmoja wa gati ukalia karibu na alipokuwa amesimama. Maji yakatulia.

Shangazi hakushtuka kumwona. Alifunga mtumbwi, akavichukua vile viatu kwa mikono miwili, akapanda gatini akavikumbatia.

"Nilijua ni wewe uliyefunga lile fundo," alisema. "Nilitaka kuja kukuuliza, nikaona haya."

Waliingia stoo, wakakaa kwenye benchi la wateja, na Shangazi akamweleza. Yule msichana wa mabuti alikuwa mwanawe wa pekee. Alivunjika kifundo cha mguu akiwa na miaka sita, kikaunga vibaya, na tangu hapo wa kushoto ulikuwa ukimchelewa. Alipopata nafasi ya kujifunza kupiga kasia alifurahi kupita kiasi, kwa sababu kwenye mtumbwi hakuna anayeona mtu anatembeaje. Mama mtu aliogopa atateleza kwenye mawe. Alizunguka maduka siku nzima akitafuta kiatu cha kumshika kifundo, akachagua mabuti ya ngozi yanayofika juu, yenye soli nene na kamba za kukaza mara nane.

"Vilikuwa vizito kuliko vyote dukani," alisema. "Nikaona kizito ndicho imara. Nilimfunga kamba mimi mwenyewe asubuhi ile, Fundi. Nilikaza."

Baada ya wapiga mbizi kuondoka aliomba kazi pale, na Meneja, kwa aibu, hakuweza kumnyima. Miaka mitatu alipiga deki huku akiyatazama maji. Kisha akaja Fundi. Shangazi, akipita na ndoo yake, alimsikia kila siku akiwaeleza wageni: kiwe chepesi, kimwage maji, kishike kisigino, kisiwe na kamba. Akaanza kuwaza kwamba mwanawe yuko kule chini na yale mabuti hadi leo, na kwamba pengine ndiyo sababu hajatoka. Alipoona jozi ya saizi yake imekaa tu haina mtu, akaichukua. Alikwenda nayo katikati, akaiweka juu ya maji. Vilielea, kwa sababu Fundi alivitengeneza vielee. Akageuza uso kidogo ili mwanawe asione haya mbele yake. Alipotazama tena, havikuwepo.

"Nilikaa, nikakaa. Kisha vikaibuka ubavuni mwa mtumbwi, vyote viwili, vimekaa pamoja. Nikatia mkono. Vina joto. Kila siku ni hivyo. Mimi ng'ambo sijafika, sina hizo nguvu, lakini vinarudi na udongo. Sasa wewe unajua kusoma viatu. Mimi ni mama, naweza kujidanganya. Niambie, vimevaliwa?"

Fundi angeweza kusema kwamba mpira huu ni hafifu, kwamba maji hula soli. Alivigeuza, ingawa hakuwa na haja ya kutazama tena.

"Vimevaliwa," alisema. "Anatembea sana. Wa kushoto anauburuta, ukingo wa nje unamlemea. Ndiyo maana hafiki mbali."

Shangazi aliinamisha kichwa akalia bila sauti. Fundi alimwacha alie. Ndani ya hofu yake, ambayo haikuwa imeondoka hata kidogo, kulikuwa na kitu alichokifahamu vizuri: mguu uliovaa kiatu kisichoukaa. Mtu wa mguu ule angepita kwenye kibanda chake, asingemwacha aende hivyo. Akamwambia Shangazi amwachie viatu siku mbili.

Alifanya kazi hiyo nyumbani, barazani, mchana wa siku yake ya mapumziko. Alibandua soli zote mbili akaweka mpya, akazichonga mifereji ya mfupa wa samaki kwa kisu chake kidogo. Chini ya soli ya kushoto, upande wa nje, alitia kabari ya mpira, nene kisiginoni na nyembamba kuelekea vidoleni, ili mguu ukikanyaga usilale. Ncha akaipandisha kidogo isikwaruze chini. Mkewe alileta chai, akasimama akimtazama.

"Unampimaje mtu ambaye hujamwona?" akauliza.

"Soli ya zamani imenionyesha pote anapoumia."

Mkewe aliweka chai chini. Kisha akamwambia akaze na mkanda wa kisigino, kwa sababu msichana huyo ni mwepesi, na akaingia ndani. Baadaye Fundi alimsikia akiomba dua.

Asubuhi ya tatu walikwenda wote wawili. Fundi alikaa mbele, mikono imeshika kingo za mtumbwi, viatu vikiwa katikati yake na Shangazi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba gati ilipotea kabla hawajapiga kasia kumi. Hapakuwa na ndege wala upepo. Kila tone lililodondoka kutoka kwenye kasia alilisikia. Walipofika katikati Shangazi alilaza kasia magotini, na mtumbwi ukasimama kama umefungwa.

Shangazi alivichukua viatu, akafungua mikanda yote iachame, kama mama anavyomwandalia mtoto wa shule, akaviweka juu ya maji.

"Hivi vyepesi, mama," alimwambia mwanawe. "Sijafunga kamba. Utafunga mwenyewe."

Fundi alikuwa ameambiwa ageuze uso, akageuza. Alitazama ukungu. Akasikia mkanda wa kunata ukibanwa kiatuni, kisha wa pili. Sauti ile aliisikia mara arobaini kwa siku, asingeweza kukosea. Halafu mtumbwi ukayumba kidogo, kama ubavuni kuna mtu aliyejishikiza ili asimame. Fundi alifumba macho. Kitu pekee alichoweza kufikiria ni kama ile kabari imetosha.

Alipofumbua, maji yalikuwa matupu. Walingoja. Jua lilichomoza, likaula ukungu kidogo kidogo mpaka ukuta wa mawe wa ng'ambo ukaonekana, na bado hakuna kilichoibuka. Shangazi alitazama pande zote za mtumbwi, hata chini yake, kisha akageuza pua kuelekea gatini.

Fundi alimwambia Meneja kwamba namba kumi na saba imepotelea majini mikononi mwake. Meneja alimwangalia Fundi, kisha akamwangalia Shangazi aliyekuwa akipita koridoni, akaandika neno moja akalifunga daftari.

Siku iliyofuata Kocha alirudi kutoka kwenye mzunguko wake wa asubuhi akilalamika. Kuna mgeni amekwenda ng'ambo kinyume cha amri, alisema, na amevaa viatu vya kituo, maana ile mifereji ya mfupa wa samaki ni ya Fundi. Fundi aliomba apelekwe. Ilikuwa mara ya kwanza yeye mwenyewe kuomba kupanda mtumbwi, na Kocha alimcheka njia nzima.

Nyayo zilianzia majini. Mbili za kwanza zilikuwa zimekaa pamoja, kama za mtu aliyesimama kwanza apate pumzi. Kisha zikapanda kwenye udongo mwekundu, zikapita chini ya ukuta wa mawe, zikafuata kijia mpaka kwenye barabara ya changarawe, na pale juu ya mawe madogo zikaishia. Hapakuwa na za kurudi. Kocha alikuwa akitafuta mahali mtumbwi ulipovutwa nchi kavu, hakupaona, akaanza kukasirika. Fundi alichuchumaa kwenye unyayo mmoja wa kushoto. Akaweka kidole gumba ukingo wa nje, halafu wa ndani. Ulikuwa umekanyaga sawa. Hapakuwa na mkwaruzo wa ncha hata hatua moja, na hatua zilikuwa ndefu, kadiri zilivyopanda ndivyo zilivyozidi kuwa ndefu.

Alimkuta Shangazi stoo akifuta rafu. Alimwambia alichokiona, pole pole, bila kupunguza wala kuongeza.

"Zilielekea wapi?" aliuliza Shangazi.

"Juu. Barabarani."

"Hazikugeuka?"

"Hazikugeuka, Shangazi."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka kitambaa cha kufutia pajani, akaegemeza kichwa ukutani. Fundi alidhani anafikiri. Aliendelea kupanga jozi za siku, na alipogeuka kumuuliza kama angependa maji ya kunywa, akamwona amelala, mdomo wazi kidogo, pumzi nzito ya mtu aliyetoka safari.

Wageni wa kwanza walikuwa wameanza kuingia getini, wakiongea kwa sauti, mmoja akiwa na mabuti ya mpira mpya kabisa. Fundi alichukua mikononi jozi nyingi kadiri alivyoweza, akatoka nazo, akaurudisha mlango kwa kiwiko. Siku hiyo wateja wote aliwavalishia nje, kwenye ngazi.